Kuoza na Kuozwa

Washairi wetu hupenda maneno yenye sura mbili: kaa la moto na kaa wa pwani, paa la nyumba na paa wa mwituni. Lipo jingine ambalo sijaliona likichezewa sana, labda kwa sababu lina harufu. Embe lililosahauliwa kapuni huoza. Mzee naye humwoza binti yake. Wanaisimu watatwambia kuwa hivi ni vitenzi viwili mbalimbali, na kwamba hicho cha pili kimetokana na kuoa. Waama ndivyo. Lakini miaka mitatu ya kufuga shimo la mboji uani kwangu, huku Ng'ambo, imenifanya niamini kuwa hawakukutana bure.

Shimo lenyewe halizidi dhiraa mbili kila upande. Humo hutiwa maganda ya ndizi na muhogo, mabaki ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai. Nyama na samaki hazimo, maana panya wa mtaani hawangoji kualikwa. Vitu vibichi namna hii vina naitrojeni nyingi, na vikiachwa peke yao hugeuka uvundo. Vinahitaji wenzao vikavu, vyenye kaboni: majani ya mwembe yaliyopukutika, karatasi, makumbi yaliyochanwachanwa. Wataalamu husema uwiano mwema ni takriban sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mimi hupima kwa ndoo: moja ya vibichi kwa mbili au tatu za vikavu. Unyevu uwe ule wa chicha iliyokwisha kukamuliwa tui. Ukiifumbata hushikana, wala haichuruziki. Kisha ni kupindua, ili hewa ipenye, kwani vijidudu vikikosa hewa huzaa methani na harufu mbaya. Baada ya miezi kadhaa hutoka kitu cheusi, chepesi, chenye kunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Wazee wetu waliijua ndoa hii bila ya kuipa jina. Pakacha la kuti lilibeba maembe mpaka sokoni. Lilipochoka lilitupwa chini ya mnazi, likarudi kuwa mnazi. Mkeka wa ukili na jani la mgomba vilikwenda njia hiyo hiyo. Na ardhi ya Unguja si ya kuchezea: upande wa mashariki na kusini, kwenye mawe ya matumbawe, mkulima hupanda katika vijishimo ambavyo udongo wake haushindi kiganja. Anayemnyima mkulima huyo maganda akayapeleka jaani, humnyima shamba.

Kisha ikaja plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko yake mwaka 2006, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Lakini kikombe na kifuniko si mfuko, navyo vilibaki.

Jirani yangu, mama muuza juisi, alitaka kujitoa katika aibu hiyo. Akanunua, kwa bei karibu mara mbili, vikombe vyeupe vilivyoandikwa kuwa huoza. Aliniletea kumi nivitie shimoni. Miezi sita baadaye majani yalikuwa yamekwisha, maganda yamekwisha. Vikombe vilikuwa vimepoteza mng'aro tu, maandishi yakisomeka.

Maandishi hayo si lazima yawe ya uongo. Vikombe vingi vya aina hii hutengenezwa kwa plastiki itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinataka baada ya wiki 12 isibaki zaidi ya asilimia 10 ya chombo juu ya chekeche la milimita 2. Lakini hayo ni ya kiwandani, penye lundo kubwa lenye joto la nyuzi 58 hivi, linalotunzwa wiki baada ya wiki. Shimo la uani halilifikii joto hilo kwa muda wa kutosha, jaa la kawaida halilitunzi, na bahari ndiyo kabisa. Cheti kipo, lakini cheti peke yake hakifungi ndoa.

"Basi nimeuziwa jina, mwanangu," alisema mama yule, na sikuwa na la kumliwaza, kwa kuwa fedha ilikuwa ya faida yake ya mwezi.

Hakukaa akalia. Sasa anyweaye pale barazani hunywa kwa bilauri ya kioo, ikaoshwa. Achukuaye nyumbani huja na chupa yake. Wateja wachache walinuna, wengi wamezoea. Maganda ya matunda na makapi ya miwa huja kwangu kila jioni, ndoo mbili zimejaa, na shimo langu limeshindwa. Nyuma ya nyumba zetu pana kiwanja kitupu, kifaacho kwa mashimo matatu ya mtaa mzima. Tumekwenda kwa sheha kukiombea. Posa imekwishapelekwa, tunangoja jibu.