Daftari la Usiku

Kituo kilikuwa na madaftari mawili. La stoo lilikuwa langu: kilo za unga, magunia ya mkaa, maharage yaliyobunguliwa. La usiku lilikuwa la mlezi wa zamu, nalo lilikuwa na safu nne tu: jina, umri, siku aliyoletwa, siku aliyotoroka. Safu ya aliyeaga haikuwepo. Nilipoanza kupika pale mwaka 1995 sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo madaftari ya namna hiyo yalivyo.

Ilikuwa Mwanza, nyumba ya bati iliyokuwa imejibanza chini ya mawe makubwa ya kilimani. Jikoni nilisikia honi ya treni, na treni ndiyo ilituletea watoto wengi, kutoka Tabora, Shinyanga, Malampaka, wamejificha chini ya viti. Wengine walitembea kwa miguu kutoka Misungwi au Magu. Usiku walilala kwenye vibaraza vya maduka Makoroboi, au Mwaloni Kirumba katikati ya magunia ya dagaa, maana magunia yanakinga upepo wa ziwa. Sababu zao hazikuwa ngeni. Huyu mama kaolewa kwingine na baba wa kambo hamtaki. Yule kapoteza ng'ombe machungani, akaona heri mji kuliko fimbo. Wengi walikuwa wamezika wazazi kwa UKIMWI, japo nyumbani kwao neno hilo halikutamkwa. Mmoja baba yake alipanda meli ya MV Bukoba Mei 1996 na hakushuka.

Mjini waliitwa machokoraa, kwa kuchokora majalala. Kwenye barua za ofisini walikuwa "watoto wa mitaani", na baadaye "watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani", jina refu kuliko usingizi wao.

Lazima nieleze jinsi tulivyowapokea, ingawa sijivunii. Aliyeletwa alinyolewa, akaogeshwa, na nguo zake zikachomwa nyuma ya jiko langu kwa mafuta ya taa. Tulisema ni kwa ajili ya chawa. Saa kumi na mbili jioni geti lilifungwa kwa kufuli, na mchapo wa mpera ulining'inia nyuma ya mlango wa bweni. Siku moja akaja kijana wa miaka kama kumi na miwili, wenzake walimwita Treni. Alikuwa na koti la mtu mzima, linafika magotini. Lilipotiwa moto alipiga ukelele ambao sijausahau, akataka kuingiza mkono kwenye miali. Tukamshika. Kesho yake wenzake ndio walioniambia: kwenye pindo la koti alikuwa ameshona noti zake, malipo ya kubeba mizigo stendi, alikuwa anakusanya anunue brashi na dawa ya viatu. Yeye alikuwa ameruka ukuta usiku ule ule wa kuchomwa koti. Mlezi aliandika kwenye safu ya nne: katoroka.

Mimi nilipuliza moto wa uji na kunyamaza. Niliyelimwagia mafuta ya taa lile koti ni mimi.

Wakati huo hatukuwa peke yetu katika kufikiri hivyo. Nchi ilikuwa imezoea kumwona asiye na makao kama mzigo uliopotea njia. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilifanya watu wakamatwe mijini na kupakiwa kwenye malori kwenda vijijini wakalime, na wengi walirudi mjini. Sisi tulikuwa na upole zaidi, lakini hesabu ilikuwa ile ile: ukimtoa mtu mahali pabaya na kumweka pazuri, kazi imekwisha.

Treni alirudi baada ya majuma kadhaa, saa nne usiku, anatetemeka kwa malaria. Saa za kupokea zilikuwa zimepita. Mlinzi, mzee wa Kisukuma aliyekuwa na maneno machache kama sarafu za maskini, alifungua geti, akamleta jikoni kwangu, akasema, "Mama, huyu hayumo daftarini." Nikamlaza karibu na mafiga. Kesho yake jioni walikuja wawili, juma lililofuata watano. Wakaoga kwa maji ya moto yaliyobaki, wakala ukoko wa ugali na mapanki, yaani mifupa ya sangara, wakalala kwenye magunia. Alfajiri walikwenda zao, na jioni walirudi. Kwa miezi mitatu nilikuwa na bweni la siri, na upungufu wa unga kwenye daftari langu niliuandikia panya.

Mlezi mkuu mpya alipofika, panya hao walimtia shaka. Alikuja usiku na tochi. Nikajua kazi imeota nyasi. Aliwahesabu waliolala, akakaa kwenye kibao cha mbuzi na kuniuliza, "Kule bwenini wanatoroka kila juma. Hawa mbona hawatoroki?" Sikuwa na jibu la kisomi. Nilimwambia mlango wa jiko haufungwi.

Kwa yaliyofuata sitaki kumpa sifa zote yeye, wala kujipa mimi. Mwanza ilikuwa tayari na watu waliowaza tofauti. Kuleana, asasi iliyoanzishwa mwaka 1992 na Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati, ilikuwa ikizungumza waziwazi juu ya haki za watoto na kupinga viboko, na wazee wengi mjini waliona ni kuharibu watoto. Hata jina lenyewe liliwashangaza: wamezoea kulea, yaani mkubwa kwa mdogo, huku kuleana kunatoka wapi? Mlezi wetu alikwenda kusikiliza, akarudi, akautoa mchapo nyuma ya mlango. Kufuli la geti alilitundika jikoni. Na akamwita fundi seremala.

Fundi alitengeneza visanduku arobaini vya mbao, kila kimoja na kikufuli chake. Mtoto akifika anapewa sanduku kabla ya sabuni. Koti lake, pesa yake, gundi yake hata, anaviweka humo mwenyewe. Tulibishana sana juu ya gundi. Mlezi alisema atakayenyang'anywa leo atanusa kesho nje ya ukuta. Basi wakatembea na ufunguo shingoni, umefungwa kwa uzi wa nyavu, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia: wenye funguo walianza kuniuliza kesho tutakula nini. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya kesho.

Kuwarudisha nyumbani kulitufundisha zaidi, kwa aibu. Mara ya kwanza tulimpeleka mtoto Kwimba na afisa ustawi wa jamii, na debe la mahindi na blanketi. Tukaamkiana "Mwadila", tukakirimiwa, baba wa kambo akashukuru mno. Nililala njiani kwa dada yangu, na nilipofika kituoni keshokutwa yake nilimkuta yule mtoto jikoni anachambua mchele. Alinipita njiani. Tangu hapo tulikwenda kwanza bila mtoto, mara mbili, mara tatu, kumtafuta si mwenye nyumba bali mwenye huruma. Mara nyingi alikuwa bibi, au shangazi ambaye hakuna aliyemtaja. Tulianza pia kurudi kuwaona baada ya miezi, na ndipo daftari la usiku likapata safu ya tano, "amekwenda wapi", na ya sita, "tulimwona lini". Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na milango kufunguka mwaka 2002, safu ya sita ilianza kujaa habari za madarasa.

Kisha dunia ikatuona kupitia Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, yenye watoto wa Mwanza wakigombea chakula na kunusa moshi wa plastiki ya kufungashia samaki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani, na watu wakaandamana mjini. Kila mtu alijadili sangara, mapanki, ndege za mizigo, heshima ya taifa. Wageni wenye kamera nao wakaongezeka kwetu, wakitaka picha ya vitanda. Vitanda vilikuwa ndilo jambo dogo kuliko yote tuliyofanya, lakini hupigika picha vizuri.

Nilichopenda wapige picha ni karatasi. Mtoto wa mtaani, kwa kweli, ni mtu asiye na mtaa. Akitaka shule anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Akitaka kazi ya kuaminika au chumba anaulizwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti haandiki barua kwa anayelala kibarazani. Kituo kilipokubaliwa kuwa anwani yao, mwenyekiti wetu akaanza kugonga mhuri: fulani ni mkazi wangu, namfahamu. Vijana wakubwa walizikunja barua zile na kuzifungia sandukuni mahali zilipokuwa noti. Kwa barua hizo walipangishiwa vyumba Mabatini, wawili wawili. Kituo kililipa kodi ya miezi mitatu, iliyofuata nusu kwa nusu, kisha wao wenyewe. Wenye nyumba walitaka mdhamini, na jina langu limesaini mikataba mingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Nilitapeliwa mara mbili. Mara mbili si nyingi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuja na leseni na ukaguzi, na ilikuwa haki, kwa sababu nyumba kama yetu ya mwanzo haikupasa kuachiwa watoto. Jambo moja tulichelewa nalo sana: wasichana. Tulidhani hawapo kwa kuwa hatukuwaona vibarazani. Walikuwa jikoni mwa watu, wakilala karibu na mafiga kama wale wangu, ila mlango wa kwao ulifungwa.

Na Treni? Daftarini jina lake limeandikwa mara kumi na tisa. Alikaa, akaondoka, akafungwa miezi sita, akarudi, akapewa chumba, akauza kitanda, akarudi tena. Wafadhili walipouliza wangapi "wamefanikiwa", hatukujua tumweke upande gani. Nilipostaafu nilimpa namba yangu ya simu kama nilivyowapa wengine, na kwa miaka miwili hakupiga.

Alipiga mwaka jana, jioni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi. Wa koti." Nyuma yake nilisikia mtoto analia na sufuria inagonga. Akauliza yale maharage ya kituoni nilikuwa nayaloweka saa ngapi, maana mkaa umepanda bei na ya kwake yanakataa kuiva. Nikamwambia tangu jioni, kwa maji mengi, na asitie chumvi mapema. Akasema ngoja niandike, na nikamsikia anamwambia mtu amletee kalamu.