Siku Moja Mlimani kwa Gari Moshi

Masika yakisha kupita na mwezi wa Juni ukaingia na baridi yake ndogo, watu wa Kinondoni na Temeke hushikwa na hamu ya kutoka mjini, lakini wengi wetu hatujui njia nyingine ila kwenda pwani kukaa mchangani. Kupanda mlima kwa miguu twaona ni kazi ya wageni wenye mikoba mgongoni. Sisi nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo, mpaka bibi yetu mzaa mama, aliyeletwa Temeke kutoka Matombo akiwa bibi arusi, alipotuambia kwamba angependa kuuona mlima wa Uluguru japo mara moja, kabla macho yake hayajaingia kiza kabisa.

Zamani shauri kama hilo lingetaka siku 2 au 3. Reli ya kwanza, waliyoianza Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Tangu Juni 2024 reli mpya yachukua abiria kwa muda usiotimia saa 2, wala hilo gari moshi (twaliita hivyo kwa mazoea tu) halitoi moshi hata chembe, kwani laenda kwa umeme. Basi mtu aweza kutoka alfajiri, akapanda mlima, na usiku akalala kwake.

Kabla ya kumchukua bibi tulitaka kujijaribu wenyewe, tukaenda Pugu, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Huko pana msitu wa hifadhi na mapango yaliyochimbwa udongo mweupe, ambayo sasa ni makao ya popo. Kosa letu lilikuwa kwenda mwezi wa Aprili. Njia ilikuwa tope tupu, vijana wetu 2 waliteleza, na mmoja alirudi na kiatu kimoja. Atakaye Pugu na angoje Julai, apate idhini kwa wahifadhi wa msitu, wala asiingie mapangoni bila mwenyeji wa kumwongoza.

Safari ya Morogoro yenyewe tuliipanga kwa siku ya Jumamosi. Tulisali alfajiri katika msikiti wa mtaani kwetu Kinondoni, tukaitikia dua, tukasalimiana na wazee, kisha ndipo tukaondoka. Tulipofika stesheni milango imekwisha fungwa, na gari la saa 12 likaondoka mbele ya macho yetu. Bibi, aliyekuwa ametoka Temeke mapema na mjukuu wake na kutungoja nje na kikapu chake cha vitumbua, hakusema neno. Alifunua kikapu akatugawia, tukala kwa aibu. Kimya chake kilituuma kuliko angetukemea.

Mara ya pili tulitoka nyumbani saa 10 usiku, tukasali msikiti ulio karibu na stesheni, na bado tukapata nafasi ya kukaa. Hili twalisema kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi: ratiba hubadilika, yataka kutazamwa upya kila mara, na tikiti ikatwe mapema pamoja na ile ya kurudi. Gari likapita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Bibi alikaa dirishani, akitaja majina ya vituo kabla hayajatangazwa, na alipokosea tulinyamaza.

Stesheni mpya ya Morogoro iko Kihonda, mbali kidogo na mji, hivyo hapana budi kupanda bajaji au daladala mpaka mjini. Kutoka mjini njia yapanda kuelekea Morningside, penye nyumba ya kale ya wakati wa Wajerumani, kiasi cha mita 1,300 juu ya bahari. Vilele vyenyewe vyapita mita 2,600, lakini hivyo si vya safari ya siku moja. Kwa mwendo wa watoto kupanda kwachukua saa 3 hivi, katikati ya mashamba ya migomba na mboga yaliyolazwa ubavuni mwa mlima. Waluguru huteremka na mizigo kichwani huku wakitusalimu, nasi tusio na mizigo twahema.

Bibi alifika kwenye kijito cha kwanza akasema, “Hapa panatosha, wajukuu zangu.” Kijana mmoja akabaki naye. Alinawa uso, akaonja maji, akauliza yaendako. Tulimwambia kwamba huingia mto Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, na katika Ruvu ndimo Dar es Salaam ipatapo sehemu kubwa ya maji yake, tangu mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Akacheka akasema kumbe miaka yote hii alikuwa akioshea vyombo maji ya kwao.

Adhuhuri na alasiri tulizikusanya na kuzipunguza, rakaa 2 na 2, kwani Morogoro yazidi marhala 2 kwa masafa. Aendaye Pugu hana ruhusa hiyo, na asali kamili. Saa 9 tulikuwa tumeanza kuteremka, maana jua la Julai huzama mapema na magongo ya njia hayaonekani gizani.

Jambo moja tulimficha bibi mpaka stesheni, naye alikuwa akilijua tangu asubuhi: Matombo haionekani kutoka upande ule. Iko nyuma ya mlima, mashariki. Alipokwisha kukaa garini alituuliza kama kuna gari linalokwenda huko. Tukasema la reli hakuna, lakini la barabara lipo. Akauliza linaondoka saa ngapi.