Wautese Kwanza Ule wa Bandia

Shangazi yangu wa Ndama ana maneno yake kuhusu ugonjwa wake. "Moyo unarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba," anasema. Daktari alimweleza kwamba vyumba vya juu vya moyo wake havisukumi damu sawasawa, vinatetemeka tu. Damu ikituama humo huganda, na bonge likipanda kichwani, ni kiharusi.

Tiba mojawapo ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, kisha kuchoma vijisehemu vinavyovuruga umeme wake. Sasa, uchome wapi? Makovu ya moyo huu si ya moyo ule. Ukichoma pasipo penyewe, mapigo yanavurugika tena na mgonjwa anarudi kitandani.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mwaka 1960, Denis Noble, mtafiti kijana jijini London, alichapisha hesabu za umeme wa seli ya moyo, alizozifanya kwa kompyuta aliyopewa nafasi ya kuitumia usiku wa manane. Siku hizi Natalia Trayanova na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, huchukua picha za MRI za mgonjwa na kuujenga moyo wake ndani ya kompyuta, makovu na yote. Wanauvuruga makusudi, wanauchoma huku, wanaujaribu tena, wanauchoma kule, mpaka utulie. Ndipo daktari amguse mtu. Mwaka 2019 walieleza wagonjwa 10 waliotibiwa kwa mpango huo.

Nilipomsimulia, shangazi alicheka. "Kwa hiyo wanautesa kwanza ule wa bandia?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi hao wana adabu."

Nimelifikiria sana neno hilo, adabu. Moyo wa bandia unaweza kusafiri kwa intaneti bila nauli. Lakini unaanzia kwenye picha, picha inataka mashine, na mwenye moyo ndiye anayeifuata. Kutoka Karagwe hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000 za basi.

Kuna jambo jingine. Kwetu mioyo mingi huharibikia utotoni, koo likiuma bila dawa, homa ya rumatiki ikafuata, valvu zikabaki na makovu. Mioyo ya namna hiyo isipoingizwa kwenye hesabu hizi, kompyuta itayajua vizuri makovu ya wengine, yetu itayabahatisha.

Kwa sasa shangazi anakunywa vidonge vya kuzuia damu isigande. Navyo vinataka damu ipimwe mara kwa mara: dozi ikipungua, bonge, ikizidi, anavuja damu. Kipimo hicho nacho ni safari. Ukiniuliza nianze kudai nini, nitaanza na hicho, kiwe karibu na Ndama. Ule moyo wa kompyuta nitaudai pia, sijausamehe.