Usiku wa Taa Mji Mkongwe



Tulivuka kutoka Mkoani hadi Unguja kununua vitambaa vya harusi ya mdogo wetu, ikasadifu ni Diwali. Mama wa Kihindu aliyemshonea marehemu mama yetu nguo ya harusi akatualika kwake. Baadhi ya jamaa waligombeza: mwari aende sikukuu ya Kihindu? Tukaona kukataa ni kuuvunja ujirani ambao mama aliutunza hadi kufa.

Diwali huwa Oktoba au Novemba, usiku wa kiza, mwezi haujaandama. Vizingitini vilipangwa vibakuli vya udongo vyenye mafuta na tambi zinazowaka. Sakafuni, maua ya unga wa rangi. Tukala ladu na jalebi mpaka basi!

Lakini mpaka tuliujua kabla ya kupanda boti. Ulipofika wakati wa ibada yao, tulipanda juu kuswali Isha, na mwenyeji wetu mwenyewe ndiye aliyetutandikia shuka safi. Hakuna aliyenuna.

Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, inatufunza kuwa Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Wema ni jambo moja, ibada ni jingine.

Bibi harusi mpenzi, huko uendako utakuta majirani usiowachagua. Wape haki yao, na dini yako uishike. Ukiwa na shaka, muulize shekhe wako kabla ya safari.

Allah atuhifadhi, amin.