Mwendo wa Gari la Mwisho

Ukitaka kuandaa safari ya magari, usianze na magari. Anza na vyoo. Watu 26 wakinywa chai ya tangawizi Bunju saa kumi na moja alfajiri, ifikapo saa mbili watakuwa na haja moja, na si kila sheli iliyoko njiani ina choo unachoweza kumwonesha mgeni bila kuona haya. Kwa hiyo orodha yangu ya kwanza haikuwa na jina la gari hata moja. Ilikuwa na vyoo vitatu, vituo viwili vya kujaza mafuta, mama lishe mmoja wa Segera aliyekubali kutupikia supu, na namba za mafundi wawili, mmoja wa Korogwe na mwingine wa Mombo, walioahidi kupokea simu Jumamosi na Jumapili.

Orodha ya pili ndiyo iliyokuwa ya magari. Yalikuwa 11.

Kundi letu halina jina wala katiba. Lilizaliwa kwenye benchi la gereji moja ya Sinza, tulipokuwa tukisubiri magari yetu na kugundua kwamba kusubiri kwenyewe kunatufurahisha. Kuna muuguzi mwenye Suzuki Jimny ambayo haijawahi kukanyaga tope. Kuna ndugu wawili, mmoja ana Altezza na mwingine Mark II GX100, wanaobishana kuhusu injini kama wengine wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Kuna kijana wa mambo ya kompyuta mwenye Subaru Forester ya turbo, ambayo wewe uliye nje ya nyumba huioni lakini unaisikia. Kuna mhadhiri mwenye Land Rover 110 inayovuja oili kila inaposimama. Yeye husema siku itakapoacha kuvuja ndipo ataanza kuogopa. Na kuna Mzee, mwalimu mstaafu wa ufundi, na Pijo 504 yake nyeupe.

Mimi nina Starlet ya mwaka 1994. Nasoma shahada ya uzamili ya usafirishaji, na posho yangu ya utafiti imegawanyika kati ya dodoso na spea. Kwa kuwa nasomea barabara, wenzangu waliona kazi ya kupanga safari ni yangu. Sikukataa. Nilikuwa na sababu zangu.

Njia niliyochagua ni ya Lushoto. Unatoka Bunju hadi Bagamoyo, unakunja kushoto kupitia Makofia, unapita kilometa zipatazo 64 za lami mpaka Msata, halafu unashika barabara kuu ya kaskazini: daraja la Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo. Mombo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara, kilometa 33 hivi za kona, kupitia Soni hadi mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ni safari yenye kila kitu anachokitaka mtu apendaye gari. Ina tambarare, ina mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, na mwishoni ina mlima unaokuuliza swali moja tu kuhusu rejeta yako.

Lakini magari 11 hayaendi pamoja kwa kupenda tu. Yakibanana, basi la nyuma haliwezi kuyapita, na dereva wake akishachoka atayapita hata kwenye kona. Yakiachiana mno, semi-trela zinaingia katikati na baada ya dakika kumi huna msafara, una watu 26 waliopotezana. Tukajigawa makundi matatu, manne, manne na matatu, na kati ya kundi na kundi tukaacha nafasi ambayo basi linaweza kuingia na kutulia. Hakuna kuwasha taa zote za tahadhari mfululizo kama msafara wa harusi, kwa sababu anayewasha zote amejinyima taa ya kuonesha anakokunja. Simu inashikwa na abiria. Na kila dereva ana jukumu na gari moja tu, lililo nyuma yake. Usipoliona kwenye kioo, punguza. Aliye mbele yako asipokuona, naye atapunguza, na hivyo hivyo mpaka kwa kiongozi. Hahitajiki mtu wa kupiga kelele. Msafara unajipunguza wenyewe.

Kanuni iliyoleta maneno ilikuwa ya mwisho. Niliandika kwamba Pijo itatangulia, na kwamba penye kibao cha 50 tutakwenda 50, kuanzia kwenye kibao mpaka kwenye kibao cha kumaliza, hata kama hakuna trafiki wala tochi.

Mwenye Subaru aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp usiku huo huo. "Dada, kwa heshima zote. Vijiji kati ya Msata na Mombo havihesabiki. Kama ni mwendo huo, si tupande basi?"

Wengi waliweka alama za kucheka. Mmoja akasema tochi zenyewe zinajulikana zinapokaa, na madereva wa upande wa pili huwa wanatuonya kwa taa. Mwingine akapiga hesabu ya muda tutakaopoteza, akapata karibu saa nzima. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeipiga kabla yake.

Nilijibu kwamba anayetaka kutangulia atangulie, tutamkuta Lushoto, supu yake ya Segera atanywa mwingine. Sikueleza zaidi. Baadhi ya mambo ukiyaeleza WhatsApp yanageuka kuwa ombi la kuhurumiwa, nami sikutaka kuhurumiwa. Nilitaka mwendo wa 50.

Nimekulia kando ya barabara hiyo, kwa bibi yangu, katika kijiji kimoja kati ya Segera na Korogwe. Nyumba zetu ziko upande mmoja na kisima kiko upande wa pili. Watu wa mjini husema barabara inaunganisha, na wanasema kweli, lakini aliyezaliwa pembeni mwake anajua pia kwamba inakata. Kila siku, asubuhi na jioni, tulikuwa tunavuka tukiwa na ndoo tupu na kurudi tukiwa na ndoo zilizojaa, na ndoo iliyojaa haikuruhusu kukimbia.

Huko ndiko nilikojifunza kupenda magari. Tulikuwa na mchezo. Mnakaa chini ya mwembe, mnaipa barabara mgongo, na gari linapokuja unataja ni gari gani kabla halijafika. Skania ilikuwa rahisi. Fuso ilikuwa rahisi. Land Cruiser ya petroli na ya dizeli zilihitaji sikio. Bingwa wetu alikuwa msichana wa darasa la tatu, jirani yetu, ambaye aliweza kukwambia kwamba hilo linalokuja ni Pijo na kwamba ekzosi yake imetoboka. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba injini ina sauti yake kama mtu alivyo na sauti yake. Mimi sikuwahi kumshinda.

Aligongwa akitoka kisimani, jioni, na gari lililokuwa likilipita jingine. Dereva hakusimama. Watu wazima waliokuwepo hawakukubaliana lilikuwa gari la rangi gani. Nakumbuka niliwaza, kwa akili ya mtoto, kwamba yeye mwenyewe angeweza kuwaambia lilikuwa gari gani, maana lazima alilisikia.

Sikuacha kupenda magari. Watu hutarajia kwamba ningeacha, na kwa muda nami nilijitazama kama mtu mwenye kasoro. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshafundishwa. Hata leo nikiwa maktaba gari likipita nje, nalitaja kimoyomoyo, na ninapopatia najua ni nani anayestahili sifa. Nadhani mtu anaweza kukipenda kitu na kukidai vilevile. Pengine anayekipenda ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kukidai.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili kasoro. Mwenye Subaru alikuja. Alisalimia, akaingia kwenye nafasi yake ya sita, akanyamaza. Barabara ya Msata ilikuwa na ukungu mwepesi. Daraja jipya la Wami lilituvusha kwa upana, na Mzee alipunguza mwendo kidogo kulitazama lile la zamani lililo jirani, jembamba, ambalo magari yalikuwa yakipishana kwa zamu. Penye kibao cha 50 taa zake za breki ziliwaka, na kwenye kioo changu niliona wengine wakipungua mmoja baada ya mwingine kama watu wanaokaa chini msikitini. Mabasi yalitupita, yakaingia kwenye nafasi tulizoyaachia, yakaenda zake. Hakuna aliyetupigia honi ya hasira. Hilo sikulitegemea.

Segera tulikunywa supu. Mzee alitusimulia mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alitusimulia Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976. "Na 1975 katikati yake?" aliuliza, akaigonga Pijo yake begani. "Mia tano na nne. Ove Andersson." Mwenye Subaru akamuuliza, "Sasa Mzee, gari la mashindano unaliendesha hivi?" Mzee akamwangalia kwa muda. "Mwanangu, wale barabara ilifungwa akili zao kwenye kushindana. Mimi nimefunga zangu kwenye kufika."

Kijiji chetu kiko mbele kidogo. Sikuwa nimemwambia mtu.

Zebra ipo siku hizi, na mistari yake imefifia. Watoto watano walikuwa wamesimama pembeni na ndoo zimejaa, wawili wamezibeba kichwani. Pijo ikasimama. Nami nikasimama, na nyuma yangu Jimny, na nyuma yake Altezza, na kundi la pili likafika likasimama, na la tatu. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Magari 11 kwenye barabara kuu ya kaskazini, yote yamesimama, na hakuna mtoto aliyenyanyua mguu.

Walitutazama. Walikuwa wanasubiri tupite. Katika maisha yao gari linapopunguza kuna kitu limekiona, na kitu hicho huwa si wao. Mzee akawapungia mkono. Hawakusogea. Akapungia tena. Mkubwa wao, msichana, akatazama msafara wote hadi mwisho, akatutazama kama tunaomtega.

Ndipo Mzee akazima injini.

Nikazima yangu. Nikasikia Altezza inazimwa, kisha Mark II, kisha moja moja kule nyuma, na ya mwisho kunyamaza ilikuwa ile turbo ya Subaru, ambayo huchukua muda. Kukawa kimya, mpaka ukasikia maji yanavyotikisika kwenye ndoo. Msichana akaanza kuvuka, na wenzake nyuma yake, bila kukimbia. Mdogo wa mwisho alipokuwa mbele ya Starlet yangu akageuka, akainyooshea kidole Pijo, akamuuliza dada yake, "Hii gari gani?" Dada hakujua. Mzee akatoa kichwa dirishani, "Pijo, mjukuu wangu!" Mtoto akalirudia neno hilo mpaka ng'ambo.

Mlima wa Mombo tuliupanda polepole. Malori ya kabichi na karoti yalikuwa yakishuka kuelekea Dar, nasi tulijibana ukutani kuyapisha. Soni Pijo ilichemsha. Tuliisubiri ipoe, boneti juu, huku Mzee akimkatalia kila aliyetaka kufungua kifuniko cha rejeta mapema. Tulifika Lushoto saa nane, kwa kuchelewa kwa dakika hamsini. Hakuna aliyezitaja.

Usiku nilieleza habari ya kushuka. Mlima huu hauui kwa kupanda, unaua kwa kushuka: mtu anakanyaga breki kuanzia juu, pedi zinapata moto, na kona ya mwisho anakanyaga kitu kisichoitikia. Teremka kwa gia ambayo ungepandia. Wenye otomatiki watoe D, waweke gia ya chini, injini iwashike. Nilipomaliza, mwenye Subaru alinifuata nje, palipokuwa na baridi. "Dada, kesho niweke mkiani."

"Nyuma ya Pijo?"

"Nyuma kabisa. Gari langu lina nguvu, mtu akikwama namfikia." Akanyamaza kidogo. "Wale watoto walikuwa wananiangalia mimi."

Nikabadilisha orodha.

Jumapili mvua ilitukuta Korogwe. Tulipofika kijijini barabara ilikuwa tupu, hakuna mtoto, hakuna ndoo, watu wako ndani. Taa za Pijo ziliwaka penye kibao cha 50, na kwenye kioo nikaziona nyingine zikipungua, tisa, zikipotea na kurudi katika maji. Baadaye kidogo simu ya abiria wangu ililia. Ilikuwa sauti kutoka gari la mwisho, na wiper nyuma yake: "Wote tumepita."