Mwasumini wa Nyanya

Ukimkuta mwanao ameinamia kompyuta usiku, usikimbilie kuizima. Mimi nilikimbilia, nikaaibika.

Mtoto wa kakangu ni mpenzi wa Age of Empires II, mchezo wa vita na himaya uliotoka mwaka wa 1999. Humo miti ni mali: hukatwa, mbao zikajenga nyumba. Toleo la African Kingdoms la 2015 lilileta hata mibuyu na migunga. Lakini maua na vichaka visivyo na matunda ni pambo tu, havimfaidi mchezaji chochote. Hata hivyo, yaondoe uone: nchi nzima hubaki kama zulia la kijani.

Usiku huo kijana alikuwa akichora kichaka chake mwenyewe.

"Umemaliza kazi ya shule?" nilifoka.

"Nimemaliza, shangazi. Nachora ule mwasumini wa nyanya. Majani yake yalikaa mawili mawili au moja moja?"

Nilikosa jibu. Mwasumini huo niliung'oa mimi mamangu alipofariki, nipate mahali pa kuegesha gari.

Jumamosi tulinunua mche kando ya barabara. Majani ni mawili mawili, yanatazamana. Kijana aliuchora kutoka juu kwa mshazari, jinsi mchezo unavyotazamwa, akaweka kivuli upande mmoja.

Mche tumeupanda ndani ya debe, karibu na gari. Nawe msomaji, umeng'oa nini?