Jina lililo kwenye karte roze

Wengi mnatuuliza kwa nini makala yetu yangali yanaenda sokoni kwa kinga, hali tulisema mwaka huu tutakuwa na motokari. Pesa iko. Sisi wamama saba wa likelemba tuliiweka kidogo kidogo, na motokari tuliiona: Toyota ndogo ya kubeba mizigo, huko Kolwezi, karibu kilometa 180 kutoka hapa Likasi. Muuzaji alituma picha kwa telefone, na bei nzuri. Aliomba avansi siku ile ile.

Hatukutuma hata falanga moja. Tulimwomba kwanza picha ya karte roze, pande zote mbili, na picha ya namba ya shasi, ile iliyochongwa katika chuma chenyewe. Wawili kati yetu ni walimu. Kusahihisha herufi kwa herufi ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Motokari nyingi za hapa Katanga zimetoka Japani, zikapita bandari ya Dar es Salaam, Zambia, na mpaka wa Kasumbalesa. Namba yao ya shasi mara nyingi ni fupi: herufi za aina ya motokari, kistari, kisha tarakimu. Haifiki alama 17 kama za motokari nyingine. Msishtuke. Lakini lazima ilingane na ile ya karte roze, na ile ya makaratasi ya DGDA, watu wa duane.

Namba zililingana. Jina ndilo halikuwa lake. «Ni la kaka yangu, alishafariki,» alisema. Tukauliza: mke yuko? Watoto? Akakata telefone.

Mmoja wetu ana dada yake Kolwezi. Huyo alimkuta mjane katika parseli ile ile, na watoto wanne, na motokari imesimama chini ya muembe. Hakuna aliyemwambia kwamba inauzwa. Sasa sheria ya familia, ile ya 1987 iliyotengenezwa tena 2016, inasema wazi: watoto ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu za urithi. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, bila kuhesabu sehemu yake mwenyewe kama walioana kwa kuunganisha mali. Basi shemeji ana haki yake, hatukatai. Kuuza peke yake kwa telefone, hapana.

Wengine walituambia: nunueni tu, makaratasi mtatengeneza kisha. Kwa sahihi ya nani? Kubadilisha jina ni kazi ya DGI, na inatakiwa akte ya mauzo yenye sahihi ya mwenye jina, ao ya mtu aliyewekwa kusimamia urithi. Muuzaji aliye mbali anaweza kumpa mtu prokirasio iliyopita kwa notere. Marehemu hawezi, na ile aliyoitoa akiwa hai ilikufa pamoja naye.

Ninyi wenye kuuza pia, andikeni katika akte tarehe na saa ya kutoa funguo, mbaki na kopi. Jina likibaki lenu, na motokari ikigonga mtu kwenye njia ya Kasumbalesa, polisi wa rulaje watapiga hodi kwenu kwanza. Na mama aliyeolewa, tangu 2016 hatakiwi tena ruhusa ya mume ili atie sahihi. Sheria inataka bibi na bwana waelewane, ni jambo lingine kabisa.

Mjane yule sasa amefika kwa tribinali pamoja na avoka, ili msimamizi wa urithi ajulikane. Wakikubali kuuza, tutanunua kwa bei ile ile, na pesa itahesabiwa mbele yake na mbele ya mtoto wake mkubwa. Shemeji naye aite watu wake. Lakini kuna mama mmoja wa likelemba anayesema tumengoja vya kutosha, motokari ziko tele Lubumbashi, na mvua ikianza makala yatalowa. Tutaongea Jumamosi, saa nane, kwa mama presidenti.